Mtoto wa Warumi Ndani ya Kioo

Sikutaka kwenda. Niseme hilo mapema, asije mtu akadhani nilikuwa mmoja wa wale waliofika Uingereza wakapenda kila jiwe waliloonyeshwa. Mimi Birmingham niliichukia tangu siku ya kwanza, na kufikia mwaka ule Waingereza walipobadilisha sarafu zao nilikuwa nimeshaizoea chuki yenyewe. Naamka nayo, nashinda nayo, nalala nayo.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Sparkbrook, mume wangu na mimi. Yeye alikuwa akisomea uhandisi chuoni. Mimi nilikuwa nikipiga pasi katika duka la dobi kwenye barabara ya Stratford, mashati ya watu nisiowajua, kutwa nzima nimesimama kwenye mvuke. Jioni tulikula pamoja kwa sababu jiko lilikuwa moja. Tulilala pamoja kwa sababu kitanda kilikuwa kimoja. Zaidi ya hapo hatukuwa na neno la kuambiana, na nitasema kwa nini.

Majira ya baridi yaliyotangulia nilijifungua mtoto wetu wa kwanza katika hospitali moja ya jiji, na mtoto hakulia. Walinichoma sindano nikalala. Nilipoamka hapakuwa na mtoto, hapakuwa na nguo, hapakuwa na chochote. Nilimwuliza muuguzi mkuu wa wodi amepelekwa wapi, akasema nisijisumbue, mume wangu ameshashughulikia kila kitu. Nikauliza ni wa kike au wa kiume. Akanipigapiga mkono, akasema mimi bado kijana, nitapata mwingine. Kisha akaenda kumwangalia mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo mume wangu alijua. Ndivyo nilivyorudi nyumbani nikijua: alijua mtoto amelazwa wapi, na hataki kuniambia. Nikangoja aseme. Wiki ya kwanza nilimhurumia, nikidhani anatafuta maneno. Baadaye nikaanza kumtazama akinyoa ndevu asubuhi, ametulia, anapiga mluzi, nami nikajiambia kikulacho ki nguoni mwako. Kumwuliza sikutaka. Mwenye kujua ndiye wa kusema. Kama alitaka nimpigie magoti aniambie mwanangu yuko wapi, angengoja mpaka magoti yangu yaote sugu.

Basi akaja siku moja na habari ya safari. Kulikuwa na mama mmoja Mwingereza wa Moseley, mwenye nyumba kubwa ya ghorofa tatu aliyoishi na paka, ambaye alikuwa kwenye kamati ya kanisa ya kuwakirimu wageni. Kila masika kamati ilikodi basi na kuwapeleka wageni kuona kitu cha maana. Mwaka uliopita walionyeshwa kasri. Mwaka huu ilikuwa zamu ya magofu ya Warumi, katika kijiji kimoja upande wa Lichfield, pamoja na makumbusho madogo yaliyokuwa hapo hapo.

"Nimeshasema tutakwenda," akaniambia. "Angalau ubadilishe hewa."

"Hewa yangu ina nini?"

Hakujibu. Alikuwa bingwa wa kutojibu.

Jumamosi yenyewe ilikuwa na upepo wa kukata masikio. Ndani ya basi mume wangu alikaa mbele na wanafunzi wenzake, nami nikaenda nyuma kabisa, nikaketi dirishani na kuweka mkoba wangu kwenye kiti cha pili ili mtu asikae. Akaja mama mmoja wa Kihindi, mtu mzima, sari yake imefunikwa na koti la mwanamume, akauinua mkoba wangu, akanipakatisha, akaketi.

"Wewe natoka Kenya," akasema. Hakuwa anauliza. "Mimi pia. Nakuru. Sisi nakuja hapa ile mwaka watu yote nakimbia."

Nilikijua Kiswahili kile. Ndicho tulichosemeshwa kwenye duka la Mhindi kule kwetu tukiwa tumesimama nje ya kaunta, baba yangu na kofia yake mkononi, akingoja kuuziwa msumari. Pengine duka lile lilikuwa la mumewe. Sasa wote wawili tulikuwa Sparkbrook, tukipanga foleni moja ya kuoga kwenye bafu la jiji, na bado alinisemesha vile vile. Nikageukia dirisha.

"Kula," akasema, akanisogezea chapati iliyokunjwa ndani ya karatasi. "Wewe iko konda sana. Kama mtu ya matanga."

Nikamwambia sina njaa. Akaiweka ile chapati juu ya mkoba wangu, ikakaa hapo mpaka Lichfield, ikinukia. Niliila mwishowe, kwa hasira, na ilikuwa tamu.

Sasa hayo magofu. Mtu akikuambia mji wa Warumi, unatazamia nguzo, mlango, ukuta uliofika kichwani. Tulichokuta ni majani yaliyokatwa vizuri na mistari ya mawe inayofika gotini, kama msingi wa nyumba ambayo fundi amekula pesa akatoroka. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba ya wageni, tukaambiwa, na haya hapa mabafu. Mama wa Moseley alisimama juu ya jiwe, skafu yake inampiga usoni, akatueleza kwa sauti ya kufundishia watoto. Hapa walivua nguo. Hapa palikuwa na maji baridi, pale ya moto. Sakafu ilipandishwa juu ya vinguzo vifupi vya matofali, na hewa ya moto ikapitishwa chini yake. Wanafunzi wa uhandisi wakachuchumaa kuvitazama vile vinguzo. Mume wangu naye akachuchumaa, akauliza moto uliwashwa upande gani na moshi ulitokea wapi. Aliuliza vizuri sana. Nikawaza: kwa mawe una maswali.

"Kabla hawajaja," mama wa Moseley akasema, "sisi tulikuwa washenzi kabisa. Tulijipaka rangi mwilini. Wao walituletea barabara, mabafu, sheria. Tuliwachukia mwanzoni, bila shaka, lakini mwishowe tulifaidika." Akatabasamu kutuzunguka wote. Tulikuwa Wakenya, Wahindi wa Kenya, na vijana wawili wa Jamaika waliokuwa wakitetemeka kwa baridi.

"Mliwashukuru?" nikamwuliza.

"Samahani, mpenzi?"

"Warumi. Walipoondoka, mliwashukuru?"

Mjamaika mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mume wangu alinitazama toka pale alipochuchumaa na macho yaliniomba ninyamaze. Mama wa Moseley akasema hilo ni swali zuri sana, kisha akaangalia saa yake, akasema twendeni kwenye makumbusho kabla mvua haijanyesha.

Makumbusho yalikuwa chumba kimoja na nusu. Ukiingia unapokewa na harufu ya mafuta ya taa, kwa sababu mlinzi alikuwa na jiko dogo la kujipasha moto pembeni ya meza yake. Alikuwa mzee mrefu mwenye fulana ya sufu iliyotoboka viwiko, na alitufurahia kupita kiasi, ishara kwamba hakupata watu wengi. Alituonyesha vigae vyenye nyayo za mbwa aliyevikanyaga kabla havijakauka. Alituonyesha vifungo, sindano za mifupa, vyungu vilivyounganishwa kwa gundi, bakuli la kusagia viungo, sarafu zenye vichwa vya watu waliojaa kiburi. Mama wa Nakuru aliviinamia vile vyungu akasema kwa sauti kwamba kwao hata mfanyakazi hangepikia kitu kile. Hapo tu ndipo nilipokaribia kumpenda.

Halafu mlinzi akasema, "Na huyu hapa ndiye mkazi wetu mdogo kuliko wote."

Sanduku la kioo lilikuwa chini, karibu na ukuta, lenye kitambaa cheusi ndani. Juu ya kitambaa palikuwa na mifupa ya mtoto mchanga. Mbavu zilikuwa nyembamba kama njiti. Kichwa kilikuwa kimevunjika vipande, nao wamevipanga kimoja kando ya kingine. Nilijikuta nimepiga magoti kwenye saruji, soksi zangu zinachafuka, na sikujali.

Mlinzi alieleza kwa upole, hata leo siwezi kumlaumu. Alisema Warumi walikuwa na sheria, mtu mzima hazikwi ndani ya mji, anapelekwa nje, kando ya barabara. Lakini watoto wachanga, wale waliozaliwa wamekufa au walioishi siku chache, waliachwa nyumbani. Walizikwa chini ya sakafu, au ukutani, chini ya ukingo wa paa. Huyu alikutwa kwenye kona ya chumba ambacho huenda kilikuwa jikoni. Walikuwa wamemwekea kigae chini na kigae juu.

"Kwa hiyo mama yake alijua," nikasema.

"Alijua nini, mama?"

"Alipo. Akipika, alijua mtoto wake yuko pale."

"Naam," akasema mlinzi. "Nadhani alijua."

Nikainua macho kumtafuta mume wangu. Alikuwa nyuma ya watu, kofia kifuani. Aliitazama ile mifupa, uso wake ukabadilika rangi, akageuka akatoka nje. Hakukimbia, lakini alitoka haraka, akaacha mlango wazi na upepo ukaingia ukapeperusha vikaratasi.

Anakimbia, nikajiambia. Ameona ninachokiona mimi, na badala ya kusema anakimbia. Ile hasira niliyokuwa nikiipalilia tangu baridi ikanipanda. Nikasimama nikamfuata.

Nilimkuta kwenye mabafu ya Warumi, amekaa juu ya ukuta mfupi, amenipa mgongo.

"Leo utasema," nikamwambia. "Hapa hapa, juu ya mawe yao. Mwanangu umemweka wapi?"

Aligeuka akanitazama kama sikuwa na akili. "Mimi?"

"Sister wa wodi aliniambia. Husband wako ameshashughulikia kila kitu. Umeshughulikia nini? Wapi?"

"Nilisign," akasema. "Waliniletea karatasi nikasign. Basi."

"Na baada ya kusign?"

"Nikaenda nyumbani. Wale nurse wote walikuwa wanawake. Nikajua wanawake wako na wewe." Sauti ilianza kumkatika. "Kwani wewe hujui kwetu inafanywa aje? Mtoto ambaye hakulia si wa wanaume. Mwanamume haulizi. Hataji. Wamama wazee wanamchukua, wanamwonyesha mama yake, wanamzika nyuma ya nyumba, wanamwambia mama ni mahali gani. Mwanamume akiuliza, analeta mkosi kwa mtoto anayefuata. Si ndivyo tulivyolelewa? Nilingoja wewe uniambie kama unataka nijue. Nikaona umeninyamazia. Nikasema ni sawa, ni mambo yao."

Tangu baridi mpaka masika kila mmoja wetu alikuwa akingoja mwenzake afichue siri ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Yeye alidhani wauguzi wale, kwa kuwa walivaa nguo nyeupe na walikuwa wanawake, walikuwa wamama wazee wa kwetu. Nami nilimdhania Mwingereza, mwanamume anayekabidhiwa mambo na kuyamaliza. Ningeweza kumhurumia. Sikumhurumia. Nilimwambia alikuwa mjinga, kwamba mila ya kwetu aliifuata mahali ambapo hapakuwa na wa kuifuata naye, na kwamba kwa ajili ya mkosi wa mtoto asiyekuwepo amempoteza aliyekuwepo. Nililisema hilo kwa sauti kubwa na mate yakimrukia. Naye akasimama, akanipigia kelele kwa mara ya kwanza tangu anioe, kwamba mimi nina mdomo wa kuwauliza wazungu habari za Warumi lakini yeye sikumwuliza swali moja. Lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliniuma.

Watu walikuwa wametoka kwenye makumbusho. Mama wa Moseley akatujia akishika skafu yake, na nyuma yake mama wa Nakuru na koti lake la kiume.

"Wapenzi," akasema mama wa Moseley, "kuna chai kwenye basi. Labda si hapa pa—"

Nikamgeukia. Nilijua alikuwa akizunguka katika wodi za hospitali ile ile siku za Alhamisi, akisukuma toroli la magazeti na maua. Alikuwa akijisifu nalo. Nikamwambia, "Mtoto akizaliwa amekufa pale hospitalini kwenu, mnampeleka wapi?"

Niliona anajua. Uso wa Mwingereza anayejua kitu hufungwa taratibu, kuanzia mdomoni.

"Huwa hatuwaambii akina mama," akasema. "Imeonekana ni heri hivyo. Wanasahau upesi."

"Mimi sijasahau."

"La. Naona hivyo, mpenzi."

"Nambie yeye," mama wa Nakuru akasema ghafla, kwa Kiswahili, kwa yule Mwingereza ambaye hakujua neno lake hata moja. Kisha akarudia kwa Kiingereza chake, kidole kimeelekezwa kwenye skafu. "Mwambie. Wewe unajua, yeye ni mama, mwambie."

Mama wa Moseley akatazama majani. Akasema kwamba jiji lina makaburi yake, na hospitali inapeleka huko. Hawachimbiwi kaburi la peke yao. Wanawekwa pamoja na mtu mzima anayezikwa wiki hiyo. Ndani ya jeneza lake, miguuni. Kwa kawaida mwanamke, mwanamke mzee. "Ili wasiwe peke yao," akasema. "Nimeona daima ni jambo la huruma."

"Na huyo mwanamke, watu wake wanajua?"

"Sidhani, mpenzi."

"Na ni nani?"

"Hilo haliulizwi."

Basi nilimwambia. Nilimwambia washenzi waliojipaka rangi walikuwa na utu kuliko nyinyi. Nilimwambia Warumi, waliowapiga kwa upanga, walijua watoto wao wamelala kona gani ya jiko, na nyinyi mmemtia mwanangu miguuni pa mtu msiyemjua hata kwa jina, mkaita huruma. Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Alilia, naye mume wangu hakunizuia. Mama wa Nakuru alinishika kiwiko mpaka nikamaliza, kisha akanipeleka kwenye basi na kunimiminia chai yenye sukari nyingi toka kwenye chupa yake mwenyewe, akasema, "Sasa kunywa. Hasira nakausha koo." Mama wa Moseley hakutualika tena popote. Sikumwomba radhi, na hata leo ningemkuta njiani nisingemwomba.

Jumapili iliyofuata mume wangu alivaa suti yake ya mahojiano, nami nikavaa koti langu jeusi, tukapanda basi mpaka yale makaburi ya jiji aliyoyataja mama wa Moseley. Mchimbaji mmoja tuliyemkuta akila mkate ndani ya kibanda aliyasikiliza maelezo yetu bila kutuuliza kwa nini. Akatuelekeza kwenye safu za majira yale ya baridi, akarudi kwenye mkate wake.

Zilikuwa safu mbili, na udongo ulikuwa bado haujalala vizuri. Makaburi mengine yalikuwa na mawe, mengine misalaba ya mbao tu. Nikawapita wanaume. Nikasimama kwenye kila mwanamke nikisoma. Mke mpendwa wa fulani. Nyanya wa fulani na fulani. Wanawake wa Birmingham, ambao wangekuwa hai wangenisukuma dukani na kujifanya hawakuniona. Mmoja wao alikuwa amemshika mwanangu, na sikujua ni yupi nimchukie na yupi nimshukuru. Upepo ulikuwa ule ule wa Lichfield.

"Nitamwitaje?" nikamwuliza mume wangu. Hasira ilikuwa imenirudia. "Nimefika, na sijui hata nimwite nani. Sikuambiwa kama ni wa kike au wa kiume."

Alinitazama kwa mshangao, kama pale kwenye magofu. "Hawakukwambia?" Akavua kofia. "Yule nurse aliniambia niliposign. Mtoto wetu alikuwa mama."

Kwetu mtoto wa kike wa kwanza ni wa upande wa baba. Anachukua jina la nyanya yake mzaa baba, na baba mtu humwita mama maisha yake yote, humwamkia kwa heshima hata akiwa bado anatambaa. Na mama yake mume wangu alinikataa mimi tangu posa. Alisema nina kichwa kigumu na ulimi mrefu, hakuja harusini, na jina lake mimi, kama mkaza mwana, nilikuwa sina ruhusa ya kulitamka.

Nikasimama kati ya zile safu mbili, nikajaza kifua, nikaliita jina la mama mkwe wangu kwa nguvu zangu zote. Yule mchimbaji akatoka kibandani mkate mkononi. Nikaliita tena.